Meno Sita ya Wirati

Desemba 4

Muuguzi wa zahanati kasema lazima mtu mmoja nyumbani aandike kila siku: Wirati katoka damu au hakutoka, nyingi au kidogo, na lolote jingine litakaloonekana. Wote wakageuza macho kwangu. Kaka yangu Darsana, baba yake Wirati, kasema dada ndiye mwenye kalenda kichwani, maana nasuka sadaka za makuti za nusu ya kijiji na watu huniuliza siku gani njema ya kupanda mpunga, siku gani ya kumtoboa mtoto masikio. Binamu yetu Rauh, ambaye hakuulizwa, akaongeza: "Na hana mume wa kumkatiza."

Haya. Naandika.

Damu leo. Nyingi. Mvua nayo nyingi.

Muuguzi alimtoboa mtoto kidole, akatazama kimashine chake, akakunja uso. Damu imepungua mno, kasema, apelekwe hospitali kubwa mjini. Wifi yangu Puspani akaanza kulia palepale kwenye benchi. Mimi moyoni nilikuwa na yangu. Mwanamke gani hatoki damu? Tangu nivunje ungo mpaka ilipokatika nilitoka damu kama nguruwe wa sikukuu, na bado nilibeba makapu ya sadaka kichwani mpaka hekaluni. Tuseme ukweli: mpaka getini, maana mwenye hedhi haingii. Lakini nilibeba. Watoto wa siku hizi wakivunjika ukucha wanaitiwa daktari.

Desemba 5

Damu.

Desemba 6

Damu. Mvua. Paa la banda la nguruwe linavuja.

Desemba 8

Damu. Leo sadaka za harusi ya watu wa mtoni zilinielemea, nikamwita Wirati aje anisaidie kukata makuti. Akanikumbusha kwamba yuko kwenye siku zake, hawezi kugusa sadaka. Nimechoka kusikia hivyo. Kakaa upande wa pili wa uwanja, kibarazani, kitabu cha shule mapajani, tukawa tunazungumza kwa kupaza sauti juu ya matope.

"Shangazi, leo umeandika nini?"

"Damu."

"Kila siku damu tu? Andika na wali. Nimekula sahani mbili."

"Muuguzi hakutaka habari za tumbo lako."

"Basi andika kwamba Shangazi ana roho ngumu."

"Hilo kila mtu analijua, halina haja ya wino."

Akacheka, halafu akaegemea nguzo, akafumba macho. Fizi zake zilikuwa na ule wekundu ninaoujua, wa asubuhi, unapotema mate yakatoka na rangi. Zangu ziko hivyohivyo. Nilidhani ni maumbile ya ukoo wetu tu, kama wengine walivyo na masikio makubwa.

Desemba 14

Hakuna damu. Jua kidogo.

Jero Mangku, kuhani wa hekalu la ukoo, alipita leo. Siku imepatikana: Aprili 12 ukoo utachonga meno sita ya juu ya vijana wake saba kwa pamoja, chonge zisawazishwe na wahesabiwe watu wazima, kitanda kimoja, karamu moja. Wirati ndiye mdogo wao. Jero Mangku akanitazama, akasema kwa ule upole wake unaoudhi, "Luh Sukerti, wewe ndiye mwenye hesabu. Hakikisha siku hiyo wasichana wote wana twahara."

Akaondoka bila kujua kwamba amenichoma. Au anajua. Siku yangu ya kuchongwa niliamka nguo imelowa. Nikakaa nyuma ya nyumba nikiwasikia wenzangu wakiimbiwa. Mara ya pili, miaka mingi baadaye, ikawa vilevile. Mara ya tatu sikuomba tena. Kijana aliyekuwa akinijia alionywa na mama yake: mwanamke asiyechongwa ana meno ya mbwa, atawang'ata watoto wake mwenyewe. Leo nina miaka hamsini na moja, meno yangu sita ya juu yako kama yalivyoota, na Rauh akilewa huniita Bi Chonge.

Jioni Wirati alinijia. "Shangazi, tulale wote wawili kitandani siku hiyo. Mimi nikiogopa, unishike mkono. Wewe ukiogopa, nikucheke."

"Mtu mzima na mvi zake achongwe meno! Watu watatoka hata mjini waje kutazama."

"Waje. Tutawatoza kiingilio."

Desemba 15

Hakuna damu. Nimeanza kukausha makuti ya sadaka za Aprili.

Desemba 23

Hakuna damu. Hospitali kubwa leo, sote wanne kwenye pikapu ya Darsana, mvua ikitupiga njia nzima.

Daktari ni mwanamke, jina lake Mahayani, mdogo kuliko nilivyotarajia, sauti yake ya chini. Nilidhani atamtazama Wirati tumbo. Badala yake akaanza kutuhoji sisi kama karani wa sensa. Baba, unatokwa damu puani? Darsana kasema ndiyo, tangu utotoni, lakini hiyo ni jua tu. Mama, ulipojifungua? Puspani kasema alilala mwezi mzima. Mnahusiana? Puspani kasema ndiyo, baba yake na baba yetu ni ndugu, tunapenda kuoana ndani ya ukoo ili sadaka zisitawanyike. Yupo aliyewahi kufa kwa kutokwa damu? Hapo mimi nikasema: mama yetu. Alipomzaa mdogo wetu wa mwisho. Watu walisema karogwa.

Daktari akanigeukia. "Na wewe, mama?"

"Mimi si mama wa mtu. Mimi ni mzima."

"Hedhi yako ilikuwa inachukua siku ngapi?"

"Mpaka ichoke."

Wirati akacheka hadi akajishika mbavu. Daktari hakucheka. Kaamuru na mimi nitolewe damu ya kupimwa. Pale muuguzi alipochoma sindano pamevimba na kuwa peusi kama biringani, hata sasa ninapoandika.

Desemba 30

Damu imeanza tena. Nyingi.

Januari 2

Damu. Mabonge. Kazimia chooni. Puspani na mimi tulimbeba. Mwepesi sana.

Januari 3

Damu.

Januari 9

Damu kidogo. Tumeitiwa majibu.

Nitajaribu kuandika kama daktari alivyosema, maana alisema kwa subira na sitaki kupotosha. Ndani ya damu ya kila mtu mna kitu mfano wa gundi. Ukikatika, gundi ile inashika, inaziba. Kuna watu wanazaliwa na gundi kidogo. Si kurogwa, si laana, si chakula. Inarithiwa. Darsana anayo pungufu, Puspani anayo pungufu, kila mmoja akampa mtoto sehemu yake mbovu, kwa hiyo Wirati karibu hana kabisa.

"Na mimi?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Wewe ni kama kaka yako, Mama Sukerti, ila kwako imejitokeza zaidi. Unayo, lakini haitoshi. Yote yale uliyokuwa ukitoka hayakuwa ya kawaida. Ungekuja ukiwa msichana, tungekusaidia."

Nilisema asante. Nikatoka nje, nikasimama kwenye ukumbi ambako watu huvua viatu. Nilitaka kulia, machozi hayakuja, ikaja hasira. Miaka yote ile nikifua vitambaa kabla ya wengine kuamka. Mama yangu akinambia vumilia, wote tuko hivyo. Yeye naye alikuwa mgonjwa, wala hakujua, na wote walikuwa hivyo kwa sababu wote walikuwa damu moja. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema walijua. Na mimi nikamwita Wirati mlegevu. Mtoto alikuwa anatembea bila damu mwilini na mimi namwambia akate makuti.

Nilirudi ndani nikamshika mkono. Akanitazama akidhani nimeugua.

Daktari katoa maagizo. Dawa za kupunguza maumivu za dukani, marufuku. Kukandwa, marufuku. Kukwaruzwa mgongo kwa sarafu akipata mafua, marufuku kabisa. Kuna vidonge vya kushikiza damu wakati wa hedhi. Na kuna vingine, vya kila siku, asiache hata siku moja: vidonge vya uzazi wa mpango.

Puspani akashtuka. "Daktari, ni mwari huyu!"

"Ni dawa, mama. Vinalipumzisha tumbo la uzazi na mayai yake. Mwanzoni atatoka matone matone, inaweza kuchukua miezi. Msiogope, msiache."

Kuhusu kuchonga meno, nilidhani atakataa. Hakukataa. Yeye mwenyewe kachongwa, kasema, na angependa Wirati achongwe. Ataagiza dawa yenye ile gundi kwa jina la Wirati, aje achomwe asubuhi ya shughuli, na mchongaji apitishe tupa kwa wepesi. Wirati aliruka kitini.

Januari 10

Damu kidogo. Vidonge vimeanza. Rauh kaona pakiti mezani, kauliza harusi lini. Nimemfukuza kwa ufagio.

Januari 19

Matone.

Januari 20

Matone. Mvua imeng'oa migomba miwili.

Januari 27

Matone. Lakini midomo yake imepata rangi. Leo kanipokonya kisu akakimbia nacho uwanjani, mimi nyuma yake, Puspani anatupigia kelele kama watoto.

Februari 3

Matone.

Februari 9

Matone. Leo ilikuwa sikukuu ya hekalu la ukoo. Nilimwendea Jero Mangku kabla watu hawajajaa, nikamweleza: mtoto anatumia dawa, si hedhi, ni tone moja asubuhi, tone moja jioni. Je, linahesabika?

Alifikiri kweli, simsingizii. Kisha akasema, "Tone ni damu, Luh. Miungu haipimi kwa kibaba."

Kwa hiyo Wirati alikaa getini na mwavuli, amevaa kebaya, blauzi yake ya sikukuu ya njano, kwa sababu hakutaka kukaa na nguo za nyumbani. Nilikuwa nikipita na makapu, naingia natoka, na kila nikipita ananitazama na kutabasamu. Wale vijana sita wenziwe walikuwa ndani wakipigwa picha. Nilipopita mara ya mwisho alikuwa hatabasamu tena. Mvua ilikuwa imemlowesha miguu mpaka magotini.

Nilimwona yeye, nikajiona mimi. Palepale, lango lilelile.

Februari 10

Matone. Nimekaa na kalenda. Daktari kasema miezi, hakusema mingapi. Kama hayajakatika Aprili 12, watoto sita watapanda kitandani na wa saba atakaa nyuma ya nyumba akisikiliza. Ukoo hauchongi tena mpaka miaka mingi ipite. Siwezi. Mimi siwezi kuliona hilo mara ya pili.

Februari 17

Matone. Puspani alikwenda sokoni. Nikamwita Wirati, nikamwonyesha hesabu yangu kwenye kalenda. Akiacha vidonge vya kila siku sasa, hedhi itakuja yenyewe, tutaishika kwa vile vidonge vingine, itakatika, ya mwisho wa Machi nayo tutaishika hivyohivyo, na Aprili 12 atakuwa msafi kabisa. Baada ya shughuli ataendelea navyo.

"Lakini daktari alisema nisiache, Shangazi."

"Daktari hajakaa getini."

Akachezea ncha ya kalenda. "Mama je?"

"Mama yako ana hofu, atakataa. Hii ni yangu mimi na wewe. Mimi ndiye mwenye hesabu."

Akanipa pakiti kwa mkono wake. Ananiamini huyu mtoto. Nimeiweka chini ya makuti.

Februari 23

Damu. Nyingi, lakini vidonge vya kushikiza anavimeza.

Februari 25

Damu.

Machi 2

Damu kidogo. Kapauka, lakini anasimama.

Machi 6

Hakuna damu.

Machi 7

Hakuna damu! Puspani kasema dawa ya daktari imekubali hatimaye. Sikumjibu. Nimemkaangia Wirati maini ya nguruwe, kala yote.

Machi 12

Hakuna damu. Leo kaingia hekaluni. Kaingia kwa miguu yake, kasali mstari wa mbele, ua kwenye sikio. Jero Mangku kamnyunyizia maji matakatifu mara tatu, na mara ya tatu kamlowesha makusudi, wakacheka wote wawili. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo kwa jambo langu mwenyewe. Nguo za njano na nyeupe za kitanda zimekwisha fumwa, saba. Yake nimeichagua mimi.

Machi 19

Hakuna damu. Tumekwenda baharini na ukoo wote kutakasa vitu vya hekalu. Wirati alibeba mwavuli mtakatifu. Mvua ilisubiri mpaka tuliporudi.

Machi 21

Hakuna damu. Jioni vijana walipitisha masanamu ya mashetani njia nzima kwa ngoma na moto. Wirati kasema tumbo linamvuta upande mmoja, hakutaka kwenda mbali. Nikasema ni makelele na pilipili. Kesho ni Siku ya Ukimya, atapumzika.

Machi 26

Siku nne sikuandika. Nitaandika sasa, kwa sababu niliambiwa niandike kila kitu na niliandika yale tu niliyoyapenda.

Machi 22, Siku ya Ukimya. Hakuna moto, hakuna kazi, hakuna safari, hakuna kupaza sauti. Asubuhi Wirati hakuamka. Nilimkuta amejikunja, magoti kifuani, jasho jembamba usoni. "Tumbo, Shangazi." Puspani alikuwa amekaa ubavuni mwake, anampangusa uso kwa kitambaa cha maji.

Nilifanya kile nilichozoea kufanya kila asubuhi tangu Desemba. Niliinua kanga, nikatazama. Safi. Nikatazama fizi. Safi. Nikamwambia Puspani kwa kunong'ona, kama siku inavyotaka, "Hakuna damu."

"Wifi, tumpeleke."

"Hakuna damu, wifi. Nimetazama mwenyewe. Ni upepo wa tumbo. Kesho alfajiri njia zikifunguka tutamwita daktari."

Sheria ya Ukimya haimfungi mgonjwa. Nilijua. Kila mtu anajua. Lakini gari likipita siku ile kijiji kizima kinajua ni la nani, na nilifikiria Aprili, nilifikiria maneno, msichana wa kina Darsana kaharibika tena. Puspani akanyamaza kwa sababu mimi ndiye mwenye hesabu.

Saa zilipita. Hakuna ndege iliyopita, hakuna pikipiki, jogoo tu. Nilitazama tena. Safi. Nilimshukuru Mungu kwa usafi ule! Mchana Wirati akasema bega linamuuma. Bega, jamani, wakati ugonjwa uko tumboni. Akaomba maji. Midomo yake ilikuwa imekuwa na rangi ya jivu. Nikamgusa tumbo, likawa gumu kama ngoma, naye akalia kwa sauti kubwa, Siku ya Ukimya, sauti ikaenda mpaka bondeni.

Darsana hakuniuliza tena. Alitoka mbio bila viatu kwenda kwa walinzi wa kijiji waliosimama njia panda. Niliogopa watamgombeza. Mkubwa wao alisikiliza neno moja tu, akasema, "Ukimya ni wa wazima. Leta gari!" Wakakimbia mbele yetu kufungua vizuizi, kila kijiji wakawapigia simu wenzao, na njia nzima walinzi wenye nguo zao za miraba walikuwa wamesimama kando, wameinua mikono, wakitupisha. Wote walikuwa tayari tangu asubuhi. Ilitosha kuwaomba tu.

Barabara ilikuwa tupu mpaka mjini. Kichwa chake kilikuwa mapajani kwangu.

"Shangazi," kasema, "umeandika?"

"Nitaandika."

"Andika hakuna damu."

Hakusema tena.

Daktari Mahayani aliitwa kutoka kwake, akaja na nguo za nyumbani. Walimtundikia damu, walimpa gundi yote iliyokuwa ghalani, wakampeleka kumpasua. Hakutoka hai. Baadaye daktari alikaa nasi sakafuni, si kwenye kiti, akatueleza. Kila mwezi kifuko cha yai ndani ya mwanamke hupasuka ili yai litoke. Kwa wengine ni tone la damu, wala hawajui. Kwa Wirati hakikuziba. Damu yote iliingia tumboni, usiku kucha na siku nzima. Huwezi kuiona kwa nje.

"Vidonge vile vilikuwa vya kuzuia hilo pia," kasema. "Alikuwa anavimeza?"

"Ndiyo," kasema Puspani. "Kila siku."

"La," nikasema mimi.

Nikawaeleza. Puspani alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasimama, akaenda kukaa mwisho wa ukumbi, mgongo wake kwangu.

Machi 28

Tumemzika leo mpaka siku ya kuuchoma mwili itakapopatikana. Darsana alimwomba Jero Mangku meno yachongwe kwanza, hata kwa ishara, asiende hivyo. Jero Mangku alitokwa na machozi, ila akatikisa kichwa. Maiti hachongwi. Kaenda na meno yake yote.

Aprili 1

Mvua.

Aprili 2

Mvua.

Aprili 5

Jero Mangku alikuja. Nyumba ina msiba, shughuli imesogezwa mpaka Mei 30. Akasema, "Nilikwambia tone ni damu. Ningeweza kukwambia kwamba mtoto anaweza kungoja." Nikamwambia asinipunguzie mzigo. Akasema hapunguzi, anabeba wake.

Aprili 12

Leo ingekuwa. Hakuna mtu aliyesema hivyo kwa sauti. Rauh alikuja amelewa, akaketi mbele yangu, nikangoja Bi Chonge. Akasema, "Pole, dada," akalia kama mtoto. Heri angenitukana.

Aprili 20

Mvua. Puspani anapika, ananiwekea sahani, hanitazami. Majuto ni mjukuu, husemwa, huja baadaye. Mimi sina mjukuu. Yangu yamekuja yenyewe, yanakula nami kila siku sahani moja.

Mei 6

Mvua zimekata. Vijana wanavuna shamba la chini.

Mei 17

Daktari kanipigia simu. Ile dawa aliyoiagiza kwa jina la Wirati imefika. Hakujua anipe habari hiyo vipi. Akasema kuna wagonjwa wengine watakaoihitaji, na itawafaa. Kisha akauliza kwa sauti ile ya chini, "Na wewe, mama? Binti aliniambia hukuwahi kuchongwa. Alinambia yote, siku ile ya majibu, ulipokuwa nje. Aliuliza kama dawa ingewatosha wawili."

Nilikata simu. Sikuweza.

Mei 19

Puspani alisimama mlangoni kwangu asubuhi. Alikuwa ameshika ile nguo ya njano niliyoichagua.

"Vitambaa ni saba," kasema. "Nafasi ya saba haitakaa wazi. Utalala wewe."

"Wifi, mimi ni mzee. Na mimi ndiye—"

"Najua wewe ndiye." Akaingia hatua moja. "Sijakusamehe, usidhani. Sijui kama nitaweza. Lakini mwanangu alitaka kulala na shangazi yake kitandani. Alinambia kila siku mpaka nikachoka. Daktari katupigia na sisi. Dawa iko. Lala."

Akaweka nguo juu ya makuti yangu, akaondoka.

Mei 29

Jua. Sijala kitu.

Mei 30

Alfajiri Darsana alinipeleka hospitali. Boksi la dawa lilikuwa na jina kamili la mtoto, Ni Kadek Wirati, limeandikwa kwa chapa. Muuguzi aliuliza kama nataka alifunike. Nikasema aliache. Dawa iliingia taratibu, baridi kwenye mshipa. Ile aliyopaswa kuipata yeye, iliingia kwangu.

Tulirudi jua limepanda. Uwanja ulijaa watu. Wale vijana sita, mavazi ya dhahabu, walinisogelea, wakanipisha katikati. Hakuna aliyecheka, hata watoto. Nilipanda kitandani na mvi zangu, nikalala chali kati ya msichana wa Rauh na kijana mmoja mwenye chunusi, na yule msichana akanishika mkono bila kuambiwa.

Puspani alikaa kichwani kwangu. Ndiye aliyeshika dafu la manjano la kutemea. Mchongaji ni mzee mwenye pumzi ya tambuu. Alinitazama ndani ya kinywa, akasema, "Haya yamekuwa na miaka mingi ya kukua," akaanza. Tupa ililia kichwani mwangu kote. Jino la kwanza, la pili. Nilikuwa nikiyahesabu kwa ajili ya Wirati. Kila mara mchongaji alisimama, na Puspani akanisogezea dafu, akasema neno moja, "Tema."

Nilitema. Mate, unga wa meno.

"Tema."

La sita lilipokwisha mchongaji alinipa kioo, nikakisukuma. Nilimtazama Puspani. Alikuwa ameinamia lile dafu, analitazama ndani kwa muda mrefu, uso wake karibu kabisa na maji. Kisha akaliinamisha polepole na mimi nione. Mkono wake ulitulia begani kwangu, ukakaa hapo mpaka nyimbo zilipokwisha.

Daftari hili lilianza kwa agizo la muuguzi, na agizo lake sikuwahi kulitimiza vizuri. Leo naandika kama alivyotaka.

Jua. Hakuna damu.